Jeni moja, magonjwa zaidi ya kumi: LMNA inachaguaje pa kupiga?

#1 Mtafutajibu (mleta uzi)
Habari wakuu. Mimi si mtu wa biolojia, kazi yangu ni mahesabu, kwa hiyo nikikosea maneno mnirekebishe.

Kaka yangu ana miaka 41. Miaka mitatu iliyopita alianza kuzimia. Alipopimwa umeme wa moyo mapigo yalikuwa 36 kwa dakika, akawekewa betri ya kuusaidia moyo kupiga, tukashusha pumzi. Mwaka huu moyo umeanza kutanuka. Daktari mpya akatuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Baba yenu alifariki kwa ugonjwa gani?" Baba alilala akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Alikuwa na miaka 46. Kaka akachukuliwa damu, na majibu yamesema ana hitilafu kwenye jeni iitwayo LMNA.

Wiki nzima sijalala vizuri. Nikisoma huku nakuta jeni hiyo inaleta ugonjwa wa misuli. Nikisoma kule, inaondoa mafuta mwilini. Kwingine mishipa ya fahamu. Kwingine ni projeria, wale watoto wanaopata mwili wa kizee kabla ya kubalehe. Na wote wanakubaliana kwamba protini yake iko karibu kila seli. Sasa kama iko kila mahali, kwa nini kwa kaka imeenda moyoni? Mtoto wa projeria ana undugu gani na kaka yangu?

#2 Pembezoni
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Mshumaa
Hiyo protini naifahamu. Ina umbo la msalaba na ndiyo inayoshikilia seli zisiachane. Bila hiyo mwili ungesambaratika. Nimewahi kuonyeshwa mchoro wake.

#4 Hadubini
@Mshumaa, hapo umeshika jirani. Uliyoonyeshwa ni laminini. Iko nje ya seli, kwenye tabaka ambalo seli zimekalia, na ni kweli ikichorwa hufanana na msalaba. Tunayoiongelea ni lamini. Hii iko ndani ya seli, na si ndani tu, iko ndani ya kiini.

Mleta uzi, tuanze hapo. DNA yako imekaa kwenye kiini, na kiini kimezungushiwa utando wa tabaka mbili. Chini ya lile tabaka la ndani kabisa kuna wavu wa nyuzi za protini. Nyuzi hizo ndizo lamini. Ni ndugu wa keratini, protini ya nywele na kucha. Ni nyembamba mno: uzi mmoja una unene wa kama nanomita 3.5, na wavu mzima unafika kama nanomita 14. Mwaka 2017 ndipo ulipopigwa picha nzuri ukiwa mahali pake ndani ya seli.

Zinatoka kwenye jeni tatu. LMNB1 na LMNB2 zinatoa lamini B. LMNA inatoa mbili, lamini A na lamini C, kutoka kwenye maandishi yale yale yaliyokatwa na kuungwa kwa namna tofauti. Asidi amino (vile vipande vinavyoungwa kuwa protini) 566 za mwanzo ni zile zile, tofauti iko mkiani tu.

Seli ikitaka kugawanyika, wavu huo lazima ubomolewe. Kinachofanyika ni nyuzi kubandikwa fosfeti, zinaachiana, kiini kinafunguka, kromosomu zinagawana, kisha fosfeti zinaondolewa na wavu unafumwa upya. Hilo limejulikana tangu 1980. Siku hizi nikiitazama seli inayogawanyika bado nasimamisha kazi nyingine kidogo.

#5 Mshumaa
Nimekosolewa nimekubali. Silabi moja tu imenitoa ndani ya kiini ikaniweka nje ya nyumba.

#6 Mtafutajibu
@Hadubini asante, sasa naona picha. Ila swali la moyo bado liko palepale.

#7 Chemchemi
Naingia kwenye swali la moyo. Maelezo ya kwanza kabisa, na mimi nayakubali, ni ya kimwili: wavu ukiwa dhaifu, kiini kinaumia pale kinapovutwavutwa.

Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku. Kila pigo seli inajibana, na nguvu hiyo haiishii kwenye utando wa nje wa seli. Kuna daraja la protini linalotoka kwenye mifupa ya seli, yaani nyuzi zinazoipa umbo, linapenya tabaka zote mbili za utando wa kiini, na kushikana na lamini. Kwa hiyo kila pigo linafika hadi kwenye wavu. Mwaka 2013 watafiti walipanga tishu kwa ugumu wake, wakaona tishu laini kama ubongo zina lamini A kidogo, na ngumu kama misuli na mfupa zinayo tele. Mwili wenyewe unaweka wavu imara pale penye kazi ya kuvutana. Ukiuharibu, wa kwanza kulia ni moyo na misuli.

Panya waliozimwa LMNA (1999) walizaliwa wakionekana wazima, halafu misuli ikaanza kusinyaa, na ndani ya kama wiki nane wakafa. Viini vyao vilikuwa vimepinda na kuvimba upande.

#8 Fundi Umeme
Nami niseme neno, maana hii kazi naifanya kwa nyaya. Kwa kaka wa mleta uzi haukuanza udhaifu wa pampu, ulianza umeme. Mapigo 36 maana yake taarifa kutoka juu hazifiki chini. Kama tatizo lingekuwa kuvutwa tu, si ingeanza misuli minene ya chini, inayobana kwa nguvu zaidi?

#9 Pembezoni
Fundi kaona neno "umeme" kaja na koleo lake 😄

#10 Jicho la Ndani
Mnamcheka, lakini swali lake lina uzito. Kwenye ugonjwa wa moyo wa LMNA mara nyingi njia za umeme ndizo zinazotangulia kuharibika, pampu inafuata miaka kadhaa baadaye. Wakipima tishu wanakuta makovu kwenye hizo njia. Kwa nini zianze hizo, maelezo ya kuvutwa peke yake hayajibu vizuri.

@Chemchemi nina pingamizi jingine kubwa zaidi: mafuta. Mwaka 2000 ilithibitika kwamba ugonjwa wa Dunnigan, ule ambao mikono, miguu na makalio yanapoteza mafuta wakati shingo na uso vinajaa, unatokana na LMNA. Wengi wao wana badiliko mahali pamoja, asidi amino namba 482. Mafuta ni tishu laini. Havutwi mtu hapo. Na misuli ya wengi wao si dhaifu, tena huonekana imejengeka kama ya mnyanyua vyuma. Wavu dhaifu unaelezaje hilo?

Mimi naegemea maelezo ya usimamizi wa jeni. Ule wavu haukai mtupu, DNA imefungwa juu yake. Mwaka 2008 walichora ramani kwenye seli za binadamu wakapata maeneo zaidi ya 1,300 ya DNA yanayogusana na wavu, karibu asilimia 40 ya maandishi yote. Sehemu kubwa ya yaliyobanwa pale ni jeni zilizozimwa. Yaani ukutani ndipo zinapohifadhiwa jeni ambazo seli hiyo haizihitaji. Seli ya mafuta inabana zake, ya moyo inabana zake. Ukibadilisha herufi moja ya lamini, unaweza kulegeza kamba kwenye seli moja usiiguse kwenye nyingine.

#11 Nesi Mkongwe
Ndugu zangu, endeleeni na mjadala, ila mimi nina jambo la haraka na mleta uzi.

Mtafutajibu, kaka yako ana betri ya aina gani? Ya kuongeza mapigo tu, au yenye uwezo wa kushtua moyo? Nauliza kwa sababu ya baba yenu. Kwa watu wa LMNA betri ya kawaida inazuia moyo usipige polepole, lakini haizuii ule mpigo wa fujo unaoua ghafla. Ndiyo maana madaktari wa moyo wakishajua ni LMNA huangalia vigezo: kama nguvu ya pampu imeshuka chini ya asilimia 45, kama kumekuwa na mapigo ya fujo ya muda mfupi kwenye rekodi, kama ni mwanamume, kama badiliko lenyewe linakata protini badala ya kubadilisha asidi amino moja. Vikijumlika, wanashauri kifaa cha kushtua. Mwulizeni daktari wake swali hilo kwa maneno hayo hayo.

La pili. Wewe mwenyewe umepima? Hitilafu hizi nyingi zinarithiwa kwa nakala moja, maana yake kila mtoto wa baba yenu ana nafasi nusu kwa nusu.

#12 Mtafutajibu
Dada, swali lako limenikaa. Betri yake ni ya kawaida. Tulipowekewa, hospitali hiyo haikutuuliza lolote kuhusu familia. Waliweka, wakatupa kadi, tukaenda nyumbani.

Tuko watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike. Mimi na mdogo wangu hatujapima. Nampigia leo.

#13 Nesi Mkongwe
Mpigie. Na kabla sijaondoka: kaka yako anaweza kunyoosha viwiko vyake mpaka mwisho? Akisimama, visigino vinafika chini vizuri?

#14 Mtafutajibu
Umejuaje? Viwiko havinyooki. Toka utotoni. Akinyoosha mikono mbele inabaki imepinda kidogo, kama mtu anayepokea sinia. Tulikuwa tunamtania kwamba anajiandaa kupigana. Hata shingo kuinamisha mbele anapata shida, akitaka kutazama chini anainama mwili mzima.

#15 Chemchemi
Hapo sasa. Hiyo inafanana sana na Emery-Dreifuss: kukakamaa kwa viwiko, shingo na kano za visigino tangu utotoni, udhaifu wa misuli unaoongezeka taratibu, halafu umeme wa moyo. LMNA iliunganishwa na ugonjwa huo mwaka 1999. Kabla yake, mwaka 1994, aina nyingine ya ugonjwa huo huo ilikutwa na jeni ya emerini kwenye kromosomu X. Na emerini inakaa wapi? Kwenye utando wa ndani wa kiini, inashikana na lamini. Vitu viwili vinavyoshikana, ukiharibu kimoja au kingine, ugonjwa ni uleule. Huo ni ushahidi kwamba ni jambo la kushikana na kuvutana.

#16 Jicho la Ndani
Au ni ushahidi kwamba vyote viwili vinabana jeni zilezile. Emerini nayo inashika protini zinazofunga DNA. Mfano wako unatumikia pande zote mbili mkuu.

Halafu kuna jambo gumu kwetu sote wawili: ndani ya familia moja, badiliko moja, mmoja anapata moyo tu, mwingine misuli na moyo, mwingine viwiko tu. Hakuna nadharia kati ya hizi inayojibu hilo peke yake. Kuna jeni nyingine pembeni zinazochangia.

#17 Kijana wa Maabara
@Chemchemi kwenye #7 umesema panya "waliozimwa LMNA". Marekebisho kidogo: mwaka 2012 ilionekana wale panya wa 1999 bado wanatengeneza kipande kifupi cha lamini A. Kwa hiyo hawakuzimwa kabisa. Sehemu ya ugonjwa wao inaweza kuwa inatokana na kukosa lamini, sehemu inaweza kuwa inatokana na hicho kipande.

Na ongezeni hili: mwaka 2006 walitengenezwa panya wenye lamini C tu, bila lamini A hata chembe. Walikuwa wazima.

#18 Chemchemi
Hilo la kipande nilikuwa sijalishika. Narekebisha. Asante.

#19 Pembezoni
Subirini kwanza. Panya asiye na lamini A mzima, na mtu mwenye lamini A mbovu mgonjwa? Yaani ni afadhali kutokuwa nayo?

#20 Kemia ya Usiku
@Pembezoni umeuliza kwa mzaha lakini umegusa projeria yenyewe. Nimesubiri mtu aifikie. Hii nitaieleza polepole kwa sababu ni kitu ambacho kila nikikisoma nabaki nimeduwaa.

Lamini A haizaliwi ikiwa tayari. Inazaliwa kama prelamini A, ya asidi amino 664. Mwishoni ina alama inayosema "nibandike mafuta". Kimeng'enya kinakuja kinabandika mkia wa mafuta uitwao farnesili, na mkia huo unaisaidia kujishikiza kwenye utando. Halafu kimeng'enya kingine, ZMPSTE24, kinakuja kukata asidi amino 15 za mwisho pamoja na ule mkia. Zikiongezwa tatu zilizotangulia kuondoka, zinabaki 646, lamini A iliyokomaa, huru kutoka kwenye utando. Mafuta yalikuwa ya safari tu.

Sasa mtoto wa projeria. Kwenye herufi namba 1824 ya jeni, C imegeuka T. Neno lililokuwa GGC limekuwa GGT. Yote mawili yanasomeka asidi amino ileile, glisini! Kwa kitabu hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana badiliko hili lingeweza kupitwa na msomaji yeyote. Lakini herufi ile mpya inafanana na alama ya "kata hapa". Mashine ya kukata maandishi inadanganyika, inakata mapema, na herufi 150 zinatupwa. Asidi amino 50 zimepotea, na ndani ya hizo 50 ndimo mlimokuwa na mahali pa ZMPSTE24 kukatia.

Matokeo yake mkia wa mafuta haukatwi kamwe. Protini hiyo, projerini, inabaki imenasa kwenye utando siku zote, inajazana, kiini kinakuwa na matuta kama mfuko uliojazwa ngumi. Kwa hiyo hapa tatizo si kukosa lamini. Ni kuwa na lamini isiyotaka kuachia. Timu mbili, moja ya Marekani na moja ya Ufaransa, zilitangaza jambo hili mwaka mmoja, 2003.

Mtafutajibu, undugu wa kaka yako na mtoto huyo ni wa jeni tu. Alichoharibikiwa mmoja sicho alichoharibikiwa mwenzake.

#21 Mtafutajibu
Nimeisoma mara tatu. Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Kwa hiyo watoto wa kaka hawawezi kupata projeria kwa sababu ya hili?

#22 Kemia ya Usiku
Badiliko la kaka yako ni jingine, likipita kwa watoto litapita hilohilo. Projeria karibu siku zote inaanza upya kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Ni nadra mno, makadirio yanayotumika ni mtoto mmoja kati ya milioni 4 wanaozaliwa.

#23 Mshumaa
Kuna binamu wa rafiki yangu alianza kupata mvi na mtoto wa jicho akiwa na miaka 25. Huyo naye ni LMNA?

#24 Hadubini
Kwa dalili hizo na umri huo, wa kwanza kufikiriwa ni ugonjwa wa Werner, ambao jeni yake ni WRN na kazi yake ni kukarabati DNA iliyoharibika. Hata hivyo wapo wachache waliodhaniwa ni Werner wakakutwa ni LMNA. Apimwe tu, kwa umbali huu hatuwezi kusema.

#25 Mama wa Wawili
Nimesoma kimya tangu mwanzo, ila lile jina ZMPSTE24 limenivuta. Mimi natumia ARV miaka mingi. Dawa za zamani ziliniondoa mashavu. Kweli, nilijitazama kwenye kioo siku moja nikaona mifupa ya uso wa marehemu mama yangu. Mapaja yakawa na mishipa imetokeza, tumbo likaongezeka. Nilisoma mahali kwamba baadhi ya dawa hizo zinazuia kimeng'enya hichohicho. Ni kweli?

#26 Jicho la Ndani
Ni kweli mama, na pole kwa uliyopitia. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba dawa kadhaa za kundi la vizuia protease zinazuia ZMPSTE24 kwenye seli, na prelamini A inajikusanya. Na kwa kuwa ugonjwa wa Dunnigan unapoteza mafuta vilevile, wengi waliona picha imekamilika. Mafuta tena @Chemchemi.

#27 Nesi Mkongwe
Haijakamilika. Kupotea kwa mafuta ya uso na mapaja kulihusishwa zaidi na stavudini na zidovudini, ambazo si vizuia protease kabisa. Hizo zinaumiza mitokondria, mitambo ya nishati, za seli za mafuta. Niliwaona wagonjwa wengi wa namna hiyo, na wakibadilishiwa dawa, mashavu yalirudi polepole, mengine hayakurudi. Mama, wewe ulikuwa unatumia ipi?

#28 Mama wa Wawili
Stavudini, baadaye zidovudini. Kizuia protease sijawahi. Basi lamini yangu haina hatia. Sasa hivi natumia za kisasa na nina amani. Nimefurahi kujua.

#29 Nesi Mkongwe
Na wengine mnaosoma, asiache mtu dawa kwa sababu ya uzi huu. Ukiona mwili unabadilika, nenda ukabadilishiwe.

#30 Kijana wa Maabara
Niwatoe nje ya njia kidogo, kuna kisa nilichotaka kusimulia tangu #4.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa slaidi ya damu ya kijana aliyekuja kupimwa afya tu. Nikaweka mafuta kwenye lenzi ya 100. Neutrofili zake (aina ya chembe nyeupe za damu) zote, na nasema zote, zilikuwa na kiini cha vipande viwili vilivyounganishwa na uzi mwembamba, kama miwani ya kubana puani. Kwa kawaida unatarajia vipande vitatu hadi vitano. Nikaandika kwa haraka: seli changa nyingi, uwezekano wa maambukizi makali. Kijana akaitwa, akapimwa upya, akapewa antibiotiki. Hakuwa na homa wala kidonda.

Fundi mkuu wangu alipoiona ile slaidi aliuliza kama baba wa kijana yupo. Yupo. Akachukuliwa tone la damu. Miwani ileile. Ni hali inayoitwa Pelger-Huët, inarithiwa, na kwa mwenye nakala moja haina madhara yoyote. Mwaka 2002 ikajulikana inatokana na jeni ya LBR, protini ya utando wa ndani wa kiini inayoshika lamini B upande mmoja na DNA upande mwingine. Protini ya ukuta ikipungua, kiini hakikunjiki.

Nilimtia kijana wa watu hofu ya bure kwa siku nne. Tangu siku ile siandiki "seli changa" kabla ya kutazama kama kromatini yake (DNA na protini zinazoifunga) imekomaa.

#31 Hadubini
Kisa kizuri. Na neutrofili ina lamini A kidogo sana. Inahitaji kiini kinachojikunja kama kitambaa ili ipenye kwenye vitundu vidogo kati ya seli za mshipa. Seli yenye lamini A nyingi ikilazimishwa kupenya pale inakwama. Kwa hiyo si kwamba wavu imara ni mzuri siku zote.

#32 Pembezoni
Mimi naongeza la paka. Wanyama wa usiku, wakiwemo paka na panya, wamegeuza viini vya seli zao za kuonea gizani. DNA iliyofungwa, ambayo kwa kawaida hubanwa ukutani, kwao imehamia katikati, na kiini kinakuwa kama lenzi ndogo ya kupitisha mwanga. Ilitangazwa 2009. Na 2013 ikaonekana ni kwa sababu seli hizo hazina LBR wala lamini A ya kuibana ukutani.

#33 Jicho la Ndani
@Pembezoni alikuja kuweka kambi, sasa anafundisha! Na umenipa hoja: toa kamba mbili, DNA yenyewe inahama. Huo ndio usimamizi ninaousema.

#34 Fundi Umeme
Nirudi kwenye dawa. Hayo yote yamejulikana tangu 1999 na 2003. Kuna kitu cha kumpa mgonjwa?

#35 Kemia ya Usiku
Kwa projeria, kipo. Lonafarnibu ilitengenezwa mwanzoni kwa ajili ya saratani. Inazuia ule mkia wa mafuta usibandikwe. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2020. Watoto hawa bila dawa huishi wastani wa miaka 14.5, wengi huondoka kwa moyo au kiharusi. Dawa imeongeza wastani wa miaka kama 2.5. Haiponyi. Mwaka 2021 panya wenye badiliko la projeria walirekebishwa ile herufi moja ndani ya mwili, na muda wao wa kati wa kuishi ukatoka siku 215 hadi 510. Namba hizo nilizisoma nikasimama.

Jambo jingine la watoto hawa: akili zao ni timamu kabisa. Ubongo haujaguswa. Sababu mojawapo ni kwamba seli za ubongo zina kipande kidogo cha RNA, miR-9, kinachozuia prelamini A, hivyo projerini haitengenezwi nyingi. Ubongo unatumia zaidi lamini C na za B.

#36 Chemchemi
Na kwa moyo wa LMNA, hapana bado. Ilijaribiwa dawa ya kuzuia p38, njia ya taarifa inayowashwa kupita kiasi kwenye seli za moyo zenye lamini mbovu. Kwa panya ilionyesha matumaini. Kwa watu jaribio kubwa likasimamishwa 2022 kwa sababu lilionekana halitafikia lengo. Kwa hiyo kuna nadharia ya tatu, ya taarifa zinazopotoka, nayo imejeruhiwa.

#37 Jicho la Ndani
Dawa kushindwa hakuui nadharia. Pengine walichelewa, makovu yalishajaa.

#38 Kijana wa Maabara
Na ya nne ipo: seli za akiba. Misuli, mafuta na mfupa vinatoka kwenye ukoo mmoja wa seli mama, na hizo ndizo tishu LMNA inazopiga zaidi. Huenda seli iliyokomaa haina shida kubwa, shida ni wale wa kuijaza nafasi yake kuchoka mapema. Mbona hakuna aliyeitaja?

#39 Chemchemi
Kwa sababu moyo karibu haujazi nafasi kabisa. Nadharia yako inaeleza mafuta na mfupa, inamwacha kaka wa mleta uzi.

#40 Mshumaa
Nami nimesoma kwamba hata sisi wazima tunayo projerini, na ndiyo inayotuzeesha.

#41 Hadubini
Nusu ya kwanza iko sawa. Mwaka 2006 ilionekana seli za watu wazima wasio na projeria hutumia ile njia mbaya ya kukata, mara chache sana, na projerini kidogo inatengenezwa. "Ndiyo inayotuzeesha" ni hatua ndefu kutoka hapo. Kiasi ni kidogo mno, wapo wanaoona kinatosha kuchangia kwenye mishipa ya damu, wapo wanaoona ni alama tu.

#42 Mtafutajibu
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Kaka ameonwa. Nilimwuliza daktari swali la Nesi Mkongwe neno kwa neno. Alifungua rekodi za betri, akakuta mapigo ya fujo mara mbili, moja la usiku wa manane kaka akiwa amelala. Nguvu ya pampu ni asilimia 42. Wamepanga kuitoa betri na kuweka ya kushtua, Alhamisi ijayo.

Mimi nimepima jeni, sina. Mdogo wangu anayo. Ana miaka 33, hana dalili yoyote, anakimbia kila asubuhi. Umeme wa moyo wake una kile kipimo cha muda kutoka juu hadi chini, milisekunde 230, na wamesema mwisho wa kawaida ni 200. Viwiko vyake vinanyooka kabisa.

#43 Nesi Mkongwe
Nashukuru umerudi kutuambia. Mdogo wako sasa ana kitu ambacho baba yenu hakukipata, anajulikana. Awekewe ratiba ya kipimo cha umeme, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na rekodi ya saa 24 mara kwa mara. Kuhusu kukimbia, asiendelee kabla ya kuongea na daktari wa moyo. Mazoezi makali ya muda mrefu hayashauriwi kwao.

#44 Chemchemi
Mazoezi makali yanaharakisha ugonjwa. Kuvutwa tena.

#45 Jicho la Ndani
Na viwiko vinanyooka, badiliko lilelile. Nieleze hilo kwa kuvutwa.

#46 Mtafutajibu
Nimemwambia kuhusu kukimbia. Alinyamaza muda, halafu akauliza kama kutembea anaruhusiwa. Swali lake la pili ndilo nimekuja nalo hapa: ana binti wa miaka saba. Apimwe sasa, au asubiriwe akue aamue mwenyewe?